Swali Moja la Besiboli Lilivyomtenga Imrich Sabol na Mji Wake

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya Februari, Imrich Sabol amepiga goti mbele ya jiko la makaa ya mawe katika studio ya redio ya Kettle Run, Pennsylvania. Anachochea, anapuliza, anakohoa. Moto ukishika anapanga viti vitano kulizunguka jiko, anaweka kisahani cha majivu kando ya kila kiti, kisha anarudi kusimama ukutani karibu na mlango.

Kiti chake hakipo. Mpaka Agosti iliyopita kilikuwapo, kando ya maikrofoni.

Hapa ndipo kinaporushwa kipindi cha "Kando ya Jiko". Theluji ikianguka besiboli haichezwi, kwa hiyo wanaume wa mji huu wanaicheza kwa mdomo. Kuanzia Novemba hadi Machi, kila Jumamosi, wanakaa kuuzunguka moto na kubishana nani alikuwa mrushaji bora, nani aliuzwa kwa bei ya kutupa, mwamuzi gani alistahili miwani. Mwishoni wasikilizaji wanapiga simu kujibu maswali, na anayepatia anapelekewa ndoo ya aiskrimu na kiwanda cha maziwa cha Penrose.

Maswali hayo aliyaanzisha Sabol mwenyewe, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kiangazi aliyauliza katikati ya mechi, na baridi ikija aliyauliza hapa kando ya jiko. Watu walimsimamisha njiani kumwambia jibu la swali la wiki iliyopita.

"Sasa nasoma matangazo ya vifo na bei ya mayai," anasema, macho yakiwa kwenye moto. "Na kuwasha jiko. Kwenye jiko bado wananiamini."

Ana miaka hamsini na sita, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayosikika vizuri zaidi redioni kuliko ukiwa naye chumbani. Kituo kinamlipa dola arobaini kwa wiki. Wakati wa maswali Penrose walikuwa wanaongeza sita.

Leo ni siku ya kuamua. Meneja wa kituo, Clyde Ostrander, amempa sharti lililo wazi. Akiwa hewani, mbele ya mrushaji Lester Kuzma ambaye ni mgeni wa leo, Sabol aombe radhi. Akiomba, Penrose watarudi kudhamini na yeye atarudishiwa maswali yake. Akikataa, mwisho wa mwezi atafute kazi kwingine.

Kosa lake ni kwamba aliuliza swali.

Asiyelelewa na besiboli ataona ni upuuzi, na ni upuuzi kweli. Lakini ni upuuzi unaoaminiwa na padri, daktari na mkuu wa polisi wa mji huu, na ndio uliomnyima Sabol mahali pa kukaa.

Mrushaji akifika katikati ya mechi na hakuna mpigaji wa upande wa pili aliyepata pigo hata moja, yaani kuupiga mpira ukaanguka bila kudakwa, watu hunyamaza. Wachezaji wenzake wanasogea mbali naye kwenye benchi. Mama yake jukwaani anaongea habari za mvua. Mtangazaji anazunguka jambo hilo kama mtu anayezunguka shimo gizani. Mechi ikimalizika hivyo inaitwa mechi safi, na mrushaji anabebwa mabegani. Lakini neno hilo halitamkwi mpaka mechi iishe. Kulitamka kabla ni kumtia mrushaji nuksi.

Hapo lazima ueleweke utaratibu wa kazi wa kituo hiki.

Timu ya mji, Wapuliza Kioo, ikicheza ugenini, kituo hakitumi mtu. Hakina fedha hizo. Mambo ya uwanjani yanakuja kwa telegrafu. Alma Teague, mpokea telegrafu, anakaa kwenye kona na vifaa masikioni, anasikiliza milio, anaandika maneno mawili matatu kwenye vipande vya karatasi: mpira nje, mpira ndani, amekamatwa. Mtangazaji Royce Haddix anachukua kipande kimoja na kukigeuza uwanja mzima. Anaweka jua, anaweka vumbi, anamfanya mpigaji ajifute jasho.

Sauti ni za Sabol. Sahani ya santuri inatoa makelele ya mashabiki. Ngumi kwenye glavu ya ngozi ni mpira unapodakwa. Kipande cha gongo kilichovunjika kinaning'inia kwa kamba, na Sabol akikigonga kwa kijiko cha mbao, mji mzima unasikia pigo.

Mechi ina zamu tisa, na Haddix anapenda kubaki nyuma zamu nzima. Akiwa na karatasi mkononi haogopi waya kukatika na kumwacha akitapatapa. Kwa hiyo Kettle Run inaposikia zamu ya saba, huko uwanjani wako ya nane.

Kabla ya mechi Haddix husema sentensi moja, haraka kama mtu anayesoma masharti ya bima, kwamba matangazo yametayarishwa kutokana na telegrafu. Hakuna anayeisikiliza.

Jioni ile ya Agosti 1950 Wapuliza Kioo walikuwa Alder Creek. Aliyekuwa akirusha ni Lester Kuzma, miaka ishirini na moja, mtoto wa mjane wa Mtaa wa Tanuru, ambaye majira ya baridi hufungasha chupa katika kiwanda cha kioo. Jukwaani alikuwapo msaka vipaji wa timu kubwa. Mji ulikuwa unalijua hilo. Kufika zamu ya saba hakuna mpigaji wa Alder Creek aliyekuwa amepata kitu.

Watu walitoa redio zao kwenye vibaraza. Katika duka la kinyozi Gus Ferrante wanaume walijaa mpaka barabarani, na hakuna aliyefungua mdomo. Ferrante anasema alimwacha mteja na povu nusu uso akaenda kuinamia redio.

Katikati ya zamu ya saba, watu wa uwanjani wanaposimama kujinyoosha, ndipo maswali huulizwa. Sabol akavuta maikrofoni, akauliza swali aliloliandaa tangu asubuhi: ni nani alikuwa mrushaji wa mwisho wa Wapuliza Kioo kumaliza mechi bila kuruhusu pigo?

Alma Teague anakumbuka kwamba ubao wa simu, ambao siku zote huwaka taa zote kwa pamoja, haukuwaka hata moja.

Kwa nini aliuliza? Sabol ameulizwa hivyo mara nyingi, na mara nyingi aliyeuliza hakusubiri jibu.

"Alma alikuwa ameshanipa karatasi," anasema. "Zamu ya nane, mpigaji wa kwanza, pigo upande wa kulia. Lilikuwa limeshatokea. Mimi nilikuwa nimeshalisikitikia, nimemaliza. Nikaona mwiko hauna kazi tena. Nikauliza."

Anafuta masizi mikononi kwa kitambaa.

"Kilichonitoka kichwani ni kwamba kwao lilikuwa bado."

Mtu mwingine yeyote mjini asingeweza kukosea hivyo. Ilitaka mtu aliyezoea kuishi zamu moja mbele ya majirani zake.

Muda mfupi baadaye Haddix alifika kwenye karatasi ile. Akamleta mpigaji, akamfanya apige hatua mbili nje na kurudi. Sabol akainua kijiko, akagonga. Mji ukasikia pigo, na yule uliyemsikia akiuliza swali ndiye huyohuyo aliyeligonga. Alder Creek walipata mapigo mengine mawili na kushinda. Msaka vipaji aliondoka bila kumsainisha Kuzma.

Wiki ile watu walirudisha chupa za Penrose zikiwa bado zimejaa maziwa. Penrose wakajitoa. Kwa Ferrante, Sabol alipoingia kunyolewa, mwanamume mmoja akawaonya wenzake wasitaje mvua, mzee wa kijiko asije akaleta gharika. Wakacheka. Tangu siku ile Sabol ananyolewa na mkewe.

Asubuhi moja alikuta mlangoni kwake mfuko uliojaa vijiko vya mbao.

"Vijiko vizuri," anasema mkewe, Vilma. "Hivi unavyoviona ndivyo ninavyopikia."

Ni Alhamisi, siku mbili kabla ya kipindi, na Vilma anakoroga supu ya kabichi. Ni mwanamke mfupi, mpana, asiye na muda wa kupoteza. Katika kanisa la Mtakatifu Kirili alikuwa kiongozi wa meza ya pirohi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha, kila Ijumaa; yeye ndiye aliyeonja viazi na jibini kabla havijafungwa kwenye unga. Mwezi Septemba wanawake wenzake walimhamishia kwenye kuosha masufuria. Hawakumweleza sababu, naye hakuuliza.

Hana shaka juu ya Jumamosi.

"Omba radhi, Imro," anamwambia mumewe bila kugeuka. "Utasema maneno mawili, utarudi kula."

Sabol anamjibu kwamba hawezi kusema uongo hewani.

"Uongo?" Vilma anageuka sasa, mwiko mkononi. "Miaka yote hii unagonga kuni unawaambia ni gongo. Unapiga ngumi glavu unawaambia ni mpira. Leo ndiyo umeanza kuogopa uongo?"

Sabol anatazama sahani yake. Baadaye, akimsindikiza nje mwandishi wa habari hii, anasema mkewe amesema kweli, lakini si kitu kilekile. Gongo la kuni halimwonei mtu. Hili la kukiri kwamba yeye ndiye aliyemtia Lester nuksi, hapana.

Swali la kawaida ni kwa nini hakusema ukweli siku ileile. Alitaka. Ostrander alimkataza, na bado anamkataza. Meneja huyo ni mtu mstaarabu, hupokea wageni kwa kahawa nzuri, na hakuona haya kueleza. Wauza sabuni, wauza matairi na wauza maziwa wanalipa kwa sababu msikilizaji anahisi mpira uko hewani muda huohuo. Ukimwambia umeanguka zamani, atainuka kwenda kumwagilia bustani.

Alipoambiwa kwamba kila mtu mjini anajua habari ya telegrafu, alitabasamu.

"Kujua hakuna shida, bibi," akamwambia mwandishi. "Shida ni kuambiwa."

Jumamosi, saa tatu kamili, viti vitano vimejaa. Haddix, mwenye kifua kama pipa, yuko kwenye maikrofoni. Ostrander yuko kulia kwake. Kuna Ferrante kinyozi, asiyekosa kipindi hata kimoja, na Bwana Whitlow, mwakilishi wa Penrose, kofia magotini. Kuzma amekaa karibu na moto, miguu mirefu ameikunja chini ya kiti kama mtu aliye ndani ya basi dogo. Mezani kuna kahawa na keki za kukunja zenye karanga. Vilma ndiye aliyezipika. Hakuna aliyezigusa mpaka Kuzma alipochukua kipande, na wengine wakamfuata.

Mazungumzo yanaanza vizuri. Ferrante anadai timu ingeshinda ligi kama mdakaji wake asingekuwa na tumbo linalofika uwanjani kabla yake. Haddix anamuuliza kama ameshawahi kujitazama kwenye vioo vyake mwenyewe. Kuzma anacheka. Anasema mwezi Machi ameitwa kwenda Florida kujaribiwa na timu kubwa, na studio inapiga makofi.

Kisha Haddix anashusha sauti, ile anayoitumia mechi ikiwa ngumu, na kusema kuna mtu mmoja hapa mwenye neno la kusema.

Sabol anatoka ukutani. Ferrante hainuki kumpa kiti. Sabol anainama kwenye maikrofoni, mikono nyuma.

Anasema jina lake, kana kwamba kuna asiyelijua. Anamgeukia Kuzma na kumwambia kwamba anaomba radhi kwa swali aliloliuliza mwezi Agosti. Halikuwa swali la jioni ile. Lilimuumiza Lester, lilimuumiza mama yake, na liliwaumiza watu waliokuwa wakisikiliza. Angekuwa na uwezo wa kulirudisha mdomoni angelirudisha.

Whitlow anaitikia kwa kichwa. Ostrander anaachia pumzi. Ilikuwa imekwisha. Kama studio ingepiga wimbo wa Penrose wakati ule, Imrich Sabol angekuwa na maswali yake mpaka leo.

Lakini Haddix ni mtangazaji, na mtangazaji hapendi jambo liishe kimya.

"Kwa hiyo, Emery," anasema, akitumia jina ambalo Sabol hulitumia hewani, "unakubali kwamba usingeuliza, yule asingepiga?"

Sabol anamgeukia.

"Hapana, Royce. Alikuwa ameshapiga. Wewe mwenyewe ulikuwa na karatasi mkononi."

Ostrander ameinua kiganja kama askari wa barabarani. Sabol haoni, au haoni haja. Anaeleza yote kwa sauti yake ya chini: waya, karatasi, zamu moja nyuma, pigo lililokuwa limekwisha kutua kabla hajafungua mdomo. Anasema hakumtia mtu nuksi. Alikosea adabu, na adabu ameiombea radhi, lakini pigo si lake.

Ubao wa Alma unawaka taa zote.

Katika kituo hiki simu haziingii hewani. Haddix husikiliza, kisha huyarudia maneno ya mpiga simu kwenye maikrofoni. Amezoea kufanya hivyo kwa majibu ya maswali. Leo anaanza kabla hajajua atakachokisikia, na akishaanza hajui jinsi ya kuacha.

Wa kwanza ni mzee wa Barabara ya Kinu. Anataka kujua swali liliandikwa lini.

"Asubuhi," anajibu Sabol.

Haddix anasikiliza.

"Anasema kumbe nuksi ni ya tangu asubuhi," anarudia. "Anasema mvulana alipanda basi kwenda Alder Creek akiwa ameshapigwa."

Ferrante anapiga paja kuonyesha kwamba hata yeye alikuwa anafikiria hivyo. Wa pili anasema hayohayo, kwa lugha ambayo Haddix anailainisha. Sabol anatikisa kichwa polepole. Alitarajia ukweli ungepimwa. Hakutarajia ungepewa kazi upande wa pili.

Wa tatu ni Bi Odessa Pruitt. Mumewe aliangukiwa na kreti kiwandani na amelala kitandani, dirishani, miaka tisa sasa. Haddix anaanza kuyarudia maneno yake kwa sauti kubwa, kisha sauti inapungua.

"Anasema yeye alikuwa anajua habari ya waya siku zote. Anasema mechi za ugenini zilikuwa ndizo safari za mume wake." Haddix anabana simu sikioni. "Anasema mume wake alikuwa hajui. Anasema sasa anajua."

Anaweka simu chini mwenyewe. Hapokei nyingine.

Ni Kuzma anayesema kitu, na hasemi kwa hasira. Ameegemea mbele, viwiko magotini, anaongea kama wako wawili tu.

"Mzee Sabol, ungeomba radhi tu ukanyamaza," anasema. "Nilikuwa mtu mwenye mkosi. Mwenye mkosi huwa wanamwita tena. Sasa mimi ni mtu aliyepigwa, basi."

Maikrofoni ilikuwa bado wazi. Mji wote ulisikia.

Ostrander aliweka sahani ya muziki wa bendi na kipindi kikafa hapo, kabla ya wakati wake. Whitlow alivaa kofia na kutoka bila kuaga. Sabol hakuitwa ofisini. Meneja alimfuata mlangoni, akamwambia kwa upole kwamba hana haja ya kusubiri mwisho wa mwezi.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita.

Penrose wamerudi kudhamini. Masharti yao yalikuwa kuhusu mtu, na mtu ameondoka. Haddix ndiye anayeuliza maswali sasa, na yeyote aliyekisikiliza kipindi hicho kwa miaka atayatambua: ni ya Sabol, ya miaka ya nyuma, yamegeuzwa maneno machache. Mechi za ugenini zitaendelea kwa telegrafu Aprili ikifika. Ile sentensi ya haraka, Ostrander anasema, wataisoma haraka zaidi. Anaamini kufika Juni watu watakuwa wamesahau walichoambiwa. Pengine ni kweli. Watu wa hapa ni hodari wa kusahau wasichokitaka, ila Sabol hawajamsahau.

Yeye sasa yuko kiwandani, sehemu ya kufungasha. Anazungushia chupa majani makavu na kuzipanga kwenye kreti. Analipwa dola hamsini na mbili kwa wiki, kumi na mbili zaidi ya alizopewa na redio, na nyingi ya chupa hizo zina jina la Penrose.

Mwishoni mwa mstari huohuo wa wafungashaji yuko Lester Kuzma, anayesubiri safari ya Florida. Hawasemeshani. Saa ya chakula Kuzma anakaa na vijana wenzake, Sabol anakaa peke yake na mkate wake. Juzi kreti ilimponyoka Sabol na Kuzma akaidaka kwa mkono mmoja kabla haijafika chini, akaiweka juu ya nyingine, akaenda zake.

"Mkono mzuri ule," anasema Sabol. "Ungeuona."

Anakiri hakuwa ameifikiria safari ya Florida aliposema alichosema. Alikuwa anajifikiria yeye. Hakuwa amemfikiria Bwana Pruitt pia, na hilo ndilo linalomnyima usingizi kuliko yote. Jumapili baada ya kipindi alikwenda nyumbani kwa Pruitt. Bi Odessa alifungua mlango nusu na kusema mumewe amelala. Kutoka barazani Sabol alimwona dirishani, macho wazi, akitazama barabara. Atakwenda tena, anasema, na tena, mpaka ama aruhusiwe kuingia ama aambiwe wazi asirudi.

Vilma bado anaosha masufuria kanisani. Anasema afadhali, kule nyuma hakuna umbea, na maji ni ya moto.

"Angesema maneno mawili," anaongeza. "Mimi nilimwambia mawili."

Kwa redio, Sabol haoni njia ya kurudi. Kituo cha mji wa jirani kilimwulizia, kisha kikasikia, kikanyamaza. Mipango yake ni midogo: kubaki kiwandani mpaka mgongo ukatae, kumaliza kulipia paa, na msimu ukifunguliwa anunue tiketi aende uwanjani kama mtu mwingine yeyote. Katika miaka yote ya kuuza mechi kwa majirani hajawahi kuitazama moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Anaulizwa anatumaini kuona nini.

"Natamani Lester arushe mechi safi," anasema papo hapo. "Hapahapa nyumbani, mchana kweupe, watu wakiona kwa macho yao, pasipo waya katikati."

Halafu anashtuka. Anaushika mkono wa mwandishi uliokuwa ukiandika.

"Hilo usiliandike. Akipigwa, watasema nililitaja gazetini."

Vilma naye anaitikia kutoka upande wa pili wa chumba kwamba lisiandikwe, kwa nini kujitafutia mengine.

Sabol anaitazama kalamu iliyo katika mkono ule. Kisha anauachia.

"Andika tu," anasema. "Nisipolitaja, watasema nililiwaza."